Kiapo cha Nguva

Mume wangu alimkamata nguva na mtoto wake asubuhi moja ya bamvua. Kufika adhuhuri mtoto alikuwa ameshakatwa vipande, nami nilikuwa nimeshapika fungu letu. Naanza na hilo kwa sababu wanaoisimulia habari hii huanzia pale nilipowatahayarisha wanaume, wakanifanya shujaa. Shujaa gani? Nyama ile niliila na niliisifu. Ilikuwa laini kama ya ndama, nikaitia nazi mbili.

Enzi hizo tulikuwa chini ya Waingereza, nasi tulikaa Mbwera, kwenye visiwa vya delta ya Rufiji, ambako mtu akitaka kwenda kwa jirani huuliza kwanza maji yamefika wapi. Mume wangu alikuwa mvuvi wa jarife, ule wavu wenye macho makubwa unaotegwa kwa papa. Mtoto wa nguva alinasa humo akafa kwa kukosa pumzi, maana nguva si samaki. Huibuka juu kuvuta hewa kama mimi na wewe. Mama yake hakunasa. Alikuwa akizunguka tu kando ya jarife na hakutaka kuondoka, hata mume wangu na mwenzake wakamkingia njia kwa mitumbwi miwili, wakamswaga polepole mpaka ndani ya wando wetu. Wando ni uzio wa fito unaosimikwa kwenye mkono wa bahari, ili maji yakipwa samaki wabaki ndani. Wetu ulikuwa na shimo katikati lisilokauka hata maji yapwe vipi. Humo ndimo alimokaa.

Sasa, kwetu nguva ana masharti. Mvuvi akimleta nchi kavu, nyama haiuzwi mpaka aitwe mbele ya mwalimu wa chuo cha Kurani na wazee, ashike msahafu, aape kwamba hakumwingilia. Ndiyo, nimesema. Nguva jike ana matiti mawili, yako chini ya mapezi, na watu husema maungo yake mengine pia ni ya mwanamke. Na wavuvi hukaa dago, kwenye kambi za uvuvi, siku nyingi bila wake zao. Wazee wetu walizijua tabia za wanaume. Asiyeapa, nguva wake hauzwi wala haliwi, na wala hatoki mikononi mwake kwenda kwa mtu mwingine. Kwa yule mtoto mume wangu aliapa siku ileile, mkono bado unanuka shombo. Kwa mama hakuna aliyemwuliza. Hakuchinjwa, hakuuzwa, basi kiapo cha nini? Ndivyo tulivyoona sote, na mimi nikiwamo.

Siku ya tatu akaja tajiri mmoja Mhindi, Mwislamu mwenzetu, mwenye duka Kibiti kwenye barabara ya Lindi. Alikuwa na desturi ya kuja kwetu kununua kamba wakavu. Alisimama kwenye ukingo wa wando, kofia mkononi, akamtazama nguva anavyotoa pua na kuzama. Hakununua kamba siku hiyo. Alirudi Kibiti, na siku ya tano alileta mke wake, wakwe zake na vyombo vya chakula vilivyopangwa ghorofa ghorofa, wakala na kutazama tangu maji yalipopwa mpaka yalipoanza kujaa.

Baada ya hapo ikawa njia. Walikuja makarani, walimu wa shule, jamaa za wenye maduka, hata Wazungu wa serikali na boti lao la injini. Mume wangu alitoza sumni, nusu shilingi, kwa kutazama. Kwa sumni nyingine mtu aliruhusiwa kuingia majini na kumshika. Usiniulize walimshika wapi. Wanaume wazima, wenye heshima zao, wenye wake, waliingia na nguo zimekunjwa mapajani, wakatoka wanacheka kicheko kile cha pembeni. Mume wangu alisimama juu ya gogo akiwasimulia kwamba huyu alikuwa bibi harusi aliyeingia kuoga baharini siku aliyokatazwa na somo yake, yule aliyemfunda, na kwamba machozi yale yanayomtoka akiinua kichwa anamlilia bwana harusi. Hadithi aliitunga mwenyewe, hapo hapo. Alikuwa na ulimi mtamu yule mwanamume. Ndio ulionipata na mimi.

Na mimi? Mimi nilikaanga vitumbua. Kila mgeni alikula vitumbua vyangu, na nilinunua doti ya kanga mpya, nikaivaa nikapita nayo mbele ya nyumba ya kila mwanamke aliyewahi kunisengenya. Nilivimba kichwa, sikatai. Mafuriko ya mwaka ule yalikuwa yamefagia mpunga wote, wenzetu walikuwa wakichimba ming'oko porini, nasi tulikuwa tunakula wali. Mtu aliyeshiba humwona nguva ni riziki tu.

Siku ya nane nilishuka na sahani ya vitumbua wakati maji yamepwa kabisa. Nguva alikuwa amelala kwenye shimo, mgongo nje, wageni bado hawajafika. Nilikuwa nanyonyesha mwanangu wa tatu, na mwili wa anayenyonyesha una macho yake. Nikaona pale chini ya pezi titi limevimba, limewiva, na maji yanayolizunguka yamekuwa meupe kama ya kuchujia tui.

Niliiweka sahani kwenye matope. Mwanangu wa pili alikufa ana siku sita. Maziwa hayakujua kwamba amekufa. Yalikuja vilevile, saa zake zilezile, yakawa mawe, nikapata homa, nikayakamulia ukutani nikilia kwa maumivu na kwa mengine. Basi nilijua kinachomliza yule. Hakuwa akimlilia bwana harusi wala nani. Alikuwa akimtaka mtoto niliyempika na nazi mbili.

Niliona haya. Haya ya kweli, ya kupasha masikio moto. Siku hiyo vitumbua niliwagawia watoto, na mume wangu aliporudi nikamwambia, "Baba watoto, tumfungulie yule."

"Tumfungulie nani?"

"Nguva. Ana maziwa."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina mbawa. "Ati ana maziwa! Na wewe unayo, nikufungulie uende?"

Nilimjibu kwamba akicheza nitakwenda. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Alikaa akanieleza kwa upole, na upole wake ulikuwa mgumu kuliko ukali. Alisema mpunga umekwenda na maji. Alisema huyu nguva hachinjwi, hapigwi, analetewa majani ya baharini kwa mtumbwi kila siku, mzigo mzima. Hivyo vyote vilikuwa kweli. Ila majani yale alikuwa hayali. Yalielea yakaoza, na asubuhi mume wangu aliyatoa na kutia mengine kabla wageni hawajayaona.

"Na hata hivyo," akasema, "hakai hapa. Tajiri anamchukua."

Ndipo nikajua. Kule Kibiti, nyuma ya duka, mbele ya mahali pasimamapo mabasi ya Lindi na Dar es Salaam, tajiri alikuwa anajenga tangi la saruji. Abiria watashuka kunywa chai, watamtazama nguva, watapanda basi waende zao. Bamvua ijayo, maji makubwa ya kila nusu mwezi yakijaa vya kutosha, litakuja boti kubwa limchukue mpaka mahali lori litakaposubiri.

"Kibiti maji ya chumvi yatoke wapi?" nikauliza.

"Tajiri atatia chumvi."

"Chumvi gani?"

"Chumvi si chumvi? Ya dukani. Anayo magunia."

Nilicheka, nashindwa kujizuia, kisha nikaona kwamba hakuna cha kuchekesha. Walikuwa wamekwisha kupanga. Atamwagiwa gunia la chumvi ya mboga, atatupiwa matembele, atakufa mbele ya watu wanaokunywa chai. Zilibaki siku sita kufika bamvua. Nikasema moyoni: huyu haendi Kibiti. Sikujua nitafanyaje. Nilijua tu kwamba haendi.

Kwanza nilijaribu Wazungu. Siku mbili baadaye alikuja Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, na wageni wake, na mkewe, mama aliyekuwa na mashine ya picha shingoni. Mama yule alikuwa na uso mwema. Nikamsogelea karani wao nikamwambia, "Mwambie huyu mama kwamba nguva ana maziwa na mtoto wake amekufa, na wanataka kumpeleka kwenye tangi. Mwambie aseme na mumewe." Karani akanipima kwa macho kutoka utosini hadi matopeni. Akamgeukia yule mama, akasema maneno mafupi kuliko yangu. Mama akacheka kwa furaha, akanishika bega, akanipa biskuti.

Niliila. Ilikuwa tamu, na hilo liliniudhi zaidi.

Usiku nilifikiria kwenda kukata kamba za wando mwenyewe. Lakini nilimjua mume wangu: angemswaga tena kesho yake, na mara hii angesimika fito nene zaidi. Lililohitajika ni jambo litakalomfunga yeye, na tajiri, na kila mtu. Na nilipokuwa nachekecha unga wa vitumbua asubuhi, kwa wageni walewale, mikono ikiwa kazini na kichwa hakina kazi, nikakumbuka kiapo.

Nikajifunga kanga ile mpya, nikaenda chuoni. Mwalimu wetu alikuwa mtu mkavu, mwenye ndevu chache na maneno machache. Hakuwa amekwenda kumtazama nguva hata siku moja. Nilisimama nje ya baraza, wanafunzi wakaambiwa wanyamaze.

"Shikamoo mwalimu. Nina swali la sheria."

"Marahaba. La ndoa?"

"La nguva."

Akaweka kalamu yake ya mwanzi chini.

Nikamwambia, "Nguva akitoka mikononi mwa mvuvi, mvuvi anaapa. Huyu wetu anatoka yu hai. Kiapo kimeondoka kwa sababu hakuchinjwa?"

Alifikiri. "Kiapo ni cha heshima, si cha kisu," akasema. "Ataapa."

"Na maneno ya kiapo ni yaleyale?"

"Unayajua?"

Nilikuwa nayajua. Wanawake husimama nyuma lakini husikia. Nikayasema pale pale: naapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba tangu nguva huyu aliponifikia sikumvunjia heshima, wala sikumwachia mtu amvunjie heshima. Nilipofika kwenye maneno ya mwisho nikayasema taratibu. Yale maneno yaliwekwa zamani kwa sababu wavuvi huenda wawili wawili, na kwa miaka mingi watu waliyapitia tu mbio mbio kumaliza. Mwalimu akanitazama. Mimi nikamtazama. Alielewa.

"Mume wako anajua kama umekuja?" akauliza.

"Hajui."

"Anaweza kukuacha kwa hili."

"Anaweza," nikasema.

Akaichukua kalamu yake. "Bamvua ni lini?"

"Siku ya nne kutoka leo."

"Nitakuja baada ya alasiri," akasema, akawageukia wanafunzi.

Siku hizo zilizobaki zilikuwa ndefu. Nguva alikuwa amekonda, ngozi imelegea shingoni. Wageni walizidi, maana habari ya kwamba anaondoka ilikuwa imeenea. Nilikaanga vitumbua, nikawatazama wanaume wakiingia majini, nikawahesabu kwa sura. Mmoja alikuwa shemeji yangu. Mwingine alikuwa mjumbe wa baraza. Tajiri mwenyewe aliingia na suruali imekunjwa, akamshika, akamwita rafiki yake naye amshike. Nikaendelea kukaanga. Mume wangu alidhani nimepoa, akaninunulia mafuta ya nywele.

Siku ya bamvua maji yalijaa alasiri, yakapanda mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Boti la tajiri likaingia bila kugusa chini, na ndani yake kulikuwa na turubai na kamba, na wachukuzi wanane. Mbwera nzima ilikuwa ukingoni. Mume wangu alivaa kanzu, kama anaoza binti.

Mwalimu akaja na msahafu umefungwa kwenye kitambaa cheupe. Watu walimpisha. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa mume wangu akasema, bila kupaza sauti, "Nguva anatoka mikononi mwako. Apa."

Mume wangu akatabasamu. "Mwalimu, hachinjwi huyu."

"Kiapo si cha kisu. Apa, aende."

"Haya, hilo tena!" akasema mume wangu, akanyoosha mkono wa kulia. Alikuwa na haki ya kutabasamu. Kumwingilia hakumwingilia, na hilo nilikuwa naweza kumwapia hata mimi. Akaweka kiganja juu ya msahafu, mwalimu akamtangulia maneno, naye akayafuata kwa sauti ya watu wote kusikia. Wallahi. Wabillahi. Watallahi. Tangu nguva huyu aliponifikia sikumvunjia heshima.

"Wala sikumwachia mtu," akasema mwalimu.

"Wala," akasema mume wangu.

Akanyamaza.

Niliona yanamfikia. Aligeuka akatazama watu, na watu wakatazama chini, mmoja baada ya mwingine: shemeji yangu, mjumbe wa baraza, makarani wawili, mwenzake wa jarife. Nikamsikia nguva anavyotoa pua nyuma yetu. Kisha macho ya mume wangu yakafika kwangu. Sikuinamisha uso. Nilitaka ajue ni mimi. Nilikuwa namwomba Mungu huku nimesimama: asiape, asiape, mzuie huyu mwanamume wangu asiape.

Tajiri akapaza sauti. "Jamani, maji yatapwa! Maneno mawili tu, sema tuondoke."

"Sema wewe," mwalimu akamwambia, akamsogezea msahafu. "Unampokea. Apa wewe kwamba hukumgusa."

Tajiri aliutazama msahafu. Alikuwa mtu wa biashara lakini alikuwa mtu wa sala pia. Aliishusha mikono yake akaificha nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyefumaniwa akiiba sukari, akasema kwa hasira kwamba tangi limemgharimu, kwamba sisi watu wa delta hatuna maendeleo, na mengine mengi. Lakini mikono haikutoka mgongoni.

Mume wangu akauondoa mkono wake juu ya kitabu. "Siwezi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Niliwaachia. Niliwaachia wote."

"Basi hatoki kwenda kwa mtu," akasema mwalimu. "Wala hachinjwi."

Hakuna aliyebisha. Kilichobaki kila mtu alikijua, maana sheria haikuacha njia nyingine. Mume wangu akavua kanzu akanipa mimi, hakunitazama, akaingia majini. Fito za upande wa bahari akazing'oa kwa mikono yake, moja moja, akizitupa kando. Hakumwomba mtu msaada na hakuna aliyejitolea.

Mlango ulipokuwa wazi nguva hakutoka. Alikaa palepale kwenye shimo lake alilozoea, maji yakaanza kupwa, nami nikaona tutampoteza baada ya yote hayo. Nikampa jirani mtoto niliyembeba na ile kanzu, nikaingia na kanga yangu mpya mpaka kifuani. Sikumgusa. Watu walikuwa wamemgusa vya kutosha. Nilisimama upande wa bara nikapiga maji kwa viganja, napiga, napiga, namwambia nenda mama, nenda zako, mtoto hayupo tena, nenda. Sijui nililia au ni maji. Mume wangu akaja akasimama kando yangu, akapiga maji na yeye. Mwishowe yule mnyama akageuka, akaupita mlango kwa pigo moja zito la mkia, na tulimwona akitoa pua mara mbili mkononi mwa bahari, kisha hatukumwona.

Watu huniuliza kama alirudi siku yoyote, kama katika ngano. Hakurudi. Ningekuwa yeye nisingerudi pia.

Boti likaondoka tupu. Tangi la Kibiti likaja kuwa la maji ya mvua, nililiona mwenyewe miaka ya baadaye. Lina maji mazuri. Sisi tulikula ming'oko na wenzetu mpaka mavuno, na kuna jirani zangu hawakunisemesha muda wote huo, kwa kuwa wageni walikuwa wananunua na kwao. Walikuwa na haki ya kukasirika. Ningefanya vilevile.

Kesho yake asubuhi mume wangu alikuwa uani akizikusanya zile fito. Tulikuwa hatujasemezana tangu jana. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Ulijua kwamba siwezi kuapa uongo?"

"Nilijua," nikasema.

Akatikisa kichwa, akachukua mzigo wa fito begani akashuka nao pwani. Nikamtazama mpaka akapotea kwenye mikoko. Sikujua. Nyuma ya mlango wa chumba kulikuwa na furushi, nguo zangu na za watoto, nililolifunga kabla ya alasiri ile, na kama angeapa ningepanda mtumbwi wa kwanza. Nikaingia ndani nikalifungua, nikazirudisha nguo sandukuni moja moja kabla hajapanda kutoka pwani, na mpaka anazikwa sikumwambia.